Mwalimu Bingwa ni Nani? Habari za Waalimu katika Nchi ya Unyanyembe

Katika kijitabu hiki cha Jubilei mtakuta majina ya maaskofu na mapadre, na miaka ya kujengwa makanisa na shule. Ni haki mambo hayo yakumbukwe. Walakini kanisa hujengwa kwa miaka michache, na waashi wakiisha kazi yao hupokea ujira wakaenda zao. Bali mtu aijuaye Sala ya Bwana hata akaishika katika raha na katika taabu, na kuwafunza watoto wake, kazi hiyo aliianza mwalimu, na mara nyingi jina la mwalimu yule halikuandikwa po pote. Kwa hiyo nimeona vema kuandika habari za waalimu, na kuliuliza swali waulizanalo wazee wa parokia na wakuu wa shule kila wanapotaka kumchagua mtu wa kazi hiyo: Mwalimu bingwa ni nani, naye ajulikana kwa alama gani?

Watu hujibu upesi. Mmoja husema, ni mwenye elimu nyingi. Wa pili husema, ni mwenye miaka mingi kazini. Wa tatu husema, ni aliyezaliwa na kipawa, mwenye sauti ya kusikika na maneno matamu. Majibu hayo yote yana kweli ndani yake, walakini hakuna moja litoshalo. Sote tumepata kumwona mwenye elimu nyingi ambaye maneno yake yapita juu ya vichwa vya watoto, kama ndege wapitavyo juu ya shamba lililokwisha kuvunwa. Sote tumepata kumwona mtu aliyefundisha miaka thelathini, na katika mwaka wa thelathini afundisha sawasawa na mwaka wa kwanza, na wale walioshindwa mwaka wa kwanza, wenzao wangali wakishindwa pale pale. Na sauti nzuri hukusanya watu Jumapili, lakini Jumatatu ukiwauliza walichosikia, wakujibu kwamba yule bwana asema vizuri sana.

Basi na tutafute jibu katika historia ya nchi yetu wenyewe. Maana Unyanyembe ilikuwa na shule kubwa kabla haijapata ubao na chaki. Shule hiyo ilikuwa njia ya misafara.

Shule ya njiani

Mji wa Tabora, pamoja na Kanyenye na mitaa yake mingine ya kale, ulikuzwa na njia ile. Hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda Ujiji na ziwa la Tanganyika, moja kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kushuka kusini hata Katanga. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni mwaka 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Safari yao ilikuwa ya siku 134. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga na masango zikapanda bara, na vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70.

Katika wapagazi wote Wanyamwezi ndio waliosifiwa zaidi. Ustadi huo hawakuupata kwa kuambiwa habari zake jioni penye moto. Burton aliona watoto wadogo wakichukua pembe ndogo begani, wakifuata nyuma ya wakubwa. Mtoto alipewa mzigo wa kadiri yake, akaenda njia ile ile ya baba yake, akaona kwa macho yake wapi watu hupumzika, na namna gani mzigo hufungwa usimle mtu shingo. Na kijana asiyepata kufika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mtu mzima.

Mwenye kuongoza njia aliitwa kirangozi. Katika misafara ya Wanyamwezi, wapagazi wenyewe ndio waliomchagua. Alivaa nguo nyekundu, akatangulia na bendera, wala hakuna mtu aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyefanya hivyo alitozwa faini. Lakini yeye naye alichukua mzigo, ingawa ulikuwa mwepesi kuliko ya wenziwe. Hilo si jambo dogo. Mtu asiyechukua kitu husahau upesi uzito ulivyo, naye akifika penye kilima huwashangaa wenziwe kwa nini wanakawia.

Kirangozi ilimpasa kuyajua mambo mengi. Ilimpasa kujua maji yako wapi, na kama mwezi huu yamekauka. Ilimpasa kuzijua desturi za Ugogo, ambako misafara ilitozwa hongo. Ilimpasa kujua namna ya kulivuka pori la Mgunda Mkali, lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambalo kwa uhaba wa maji liliogopwa na wasafiri wote. Zaidi ya hayo, ilimpasa kujua mwendo. Akienda polepole mno, chakula kingekwisha kabla ya kufika. Akienda mbio, msafara ungekatika vipande viwili, na wale wa nyuma wangepotea au kuibiwa. Basi mwendo wake haukupimwa kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, bali kwa miguu ya yule mwenye pembe nzito.

Lakini yatupasa kuisema kweli yote. Katika njia hiyo hiyo walipita na watumwa, wamefungwa minyororo na miti ya panda shingoni. Aliyewaongoza aliijua njia na visima vyake sawasawa na kirangozi wa Wanyamwezi. Pengine walitoka Tabora mwezi mmoja, wakafika Bagamoyo mwezi mmoja. Lakini katika msafara wa watumwa aliyeanguka kwa uchovu aliachwa porini, au aliuawa. Mwenye msafara akifika pwani na sehemu tu ya watu wake, alihesabu faida iliyobaki, akasema safari imekwisha.

Waalimu wenzangu, hapo ndipo lilipo shina la neno langu. Watu wawili waweza kuijua njia sawasawa, mmoja akawa kiongozi na mwingine akawa mwuaji. Kuna mwalimu asemaye mwezi Novemba, "Nimekimaliza kitabu." Naye amekimaliza kweli, lakini nusu ya watoto aliwaacha katika sura ya tatu, wala hakugeuka nyuma kutazama. Kitabu kimefika pwani, watu hawakufika.

Waalimu waliokaa chini kwanza

Mwezi Juni mwaka 1878 wamisionari kumi wa Shirika la Mapadre Weupe waliondoka Bagamoyo kuja bara. Aliyewatuma ni Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyelianzisha shirika hilo mwaka 1868. Kundi moja lilikwenda Buganda, la pili Tanganyika, na yote mawili yalipita katika njia yetu ya Unyanyembe. Padre Pascal, mkuu wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani mwezi Agosti, wala hakuiona Tabora.

Watu hao walikuwa wamesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi. Walakini walipoingia katika nchi hizi, mtoto wa miaka mitano mchunga mbuzi aliwashinda kwa lugha. Hapo elimu yao yote ilikuwa kama nguo nzuri iliyofungiwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa wale waliokuja kuwafundisha. Lavigerie alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Aliwaamuru wajifunze lugha za watu, wazungumze lugha hizo hata wao kwa wao mapema kadiri wawezavyo. Tena aliwakataza kuwafanya Waafrika kuwa Wazungu. Kwa hiyo mwalimu alilazimishwa kuwa mwanafunzi kwanza: akakosea maneno, akachekwa, akasahihishwa na watoto, na hivyo akajua mwenyewe mtu asiyejua huwa na moyo gani. Watu wa namna hiyo ndio walioacha kazi ya kudumu. Mmoja wao, Padre Fridolin Bösch, aliandika kitabu kikubwa juu ya maisha na desturi za Wanyamwezi, nacho kilichapishwa mwaka 1930. Haiwezekani mtu kuandika kitabu kama hicho asipokaa miaka mingi akiuliza na kusikiliza.

Lavigerie aliweka na sheria ya pili: mtu asibatizwe upesi. Afundishwe muda usiopungua miaka minne, miwili ya kwanza kama mtu atafutaye, na miwili ya mwisho kama mkatekumeni. Watu wengi hufikiri kwamba muda huo mrefu uliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi tu, ili ashike maneno na kuonyesha mwenendo wake. Mimi naona ulimfaa na mwalimu. Katika miaka minne mwalimu hapati tena kujificha nyuma ya kitabu. Hana budi kumjua huyu mwenye wake wawili, na yule aogopaye mizimu ya baba yake, na mwingine ajaye kwa sababu rafiki yake amekuja. Maswali yao si mamoja, wala dawa yao si moja.

Hekima hiyo si ngeni katika Afrika. Mwaka 1884 Lavigerie alipewa pia kiti cha askofu mkuu wa Karthago. Katika mji huo, karibu miaka 1500 kabla yake, palikuwa na shemasi jina lake Deogratias, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliokuja mara ya kwanza kuulizia dini. Deogratias alihuzunika, maana aliona maneno yake yamechosha wasikilizaji, na yamemchosha yeye mwenyewe. Akamwandikia Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenziwe, amsaidie. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, yapata mwaka 400. Katika kitabu hicho alimwonya amtazame msikilizaji usoni. Akimwona amechoka kwa kusimama, ampe kiti. Akimwona amepiga miayo, abadili maneno, amwamshe kwa jambo la kumfurahisha. Tena alimfundisha kwamba msomi hafundishwi kama asiyesoma. Na juu ya kuchoka kurudia yale yale, alimkumbusha kwamba mtu akimtembeza rafiki yake mgeni katika mji aliouzoea, mji ule humpendeza upya kwa sababu ya furaha ya mgeni wake. Fikirini, ndugu: mtu yule alikuwa mmoja wa wenye elimu kuu katika Kanisa lote, naye aliona kumpa mtu kiti kuwa sehemu ya ualimu.

Wanafunzi walioachwa peke yao

Sasa na tuwafuate wale waliopita hapa kwenda Buganda, maana kwao ubingwa wa mwalimu ulipimwa kwa kipimo kigumu. Padre Lourdel, aliyeitwa na Waganda Mapera, na wenziwe walianza kufundisha huko mwaka 1879. Mwezi Novemba mwaka 1882, kwa kuona hatari, wote waliondoka Buganda wakahamia kusini ya ziwa. Wabatizwa walikuwa wachache na wachanga katika imani. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekufa.

Mapadre waliporudi mwezi Julai mwaka 1885, hawakukuta magofu. Walikuta watu wengi kuliko waliowaacha. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana wa nyumba ya mfalme. Andrea Kaggwa na Matia Kalemba Mulumba walikuwa wamefundisha majirani na jamaa zao. Watu hao hawakuwa na vyeti, wala hawakuwa na shule. Walikuwa na yale waliyoyapokea, nao waliyapokea kwa namna ambayo waliweza kuyatoa. Mateso yalipokuja, Yosefu aliuawa mwezi Novemba mwaka 1885, na Andrea na Matia mwezi Mei mwaka 1886. Naye Karoli Lwanga, kabla hawajapelekwa Namugongo, aliwabatiza kwa mkono wake vijana wakatekumeni waliokuwa chini yake, mmoja wao Kizito. Wote walitangazwa Watakatifu mwaka 1964.

Nao ni Mashahidi, na sifa ya kwanza ni ya neema ya Mungu. Walakini sisi waalimu twaweza kujifunza jambo moja la kazi yetu. Kipimo cha somo huonekana mwalimu akiisha ondoka. Darasa ambalo latulia mwalimu akiwapo, na kusambaa akitoka, bado halijafundishwa, limechungwa tu.

Mganga aulizaye kwanza

Mwingine wa kukumbukwa ni Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa katika Algeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze udaktari. Mwaka 1888 alitumwa Afrika ya Mashariki, na mwezi Januari mwaka 1889 akafika Karema, penye ziwa Tanganyika. Huko akaoa binti wa nchi ile, na mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Atiman hakurudi kukaa kwao tena. Alikuwa daktari na katekista huko Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka kumi kabla ya kufa, habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Kardinali Lavigerie aliwataka vijana wa namna hii wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, na mtu akifikiri ataona kwamba kazi hizo mbili ni ndugu. Daktari hampi mgonjwa dawa mlangoni kabla hajaketi. Humwuliza: Waumwa wapi? Tangu lini? Ulikula nini? Humshika, humsikiliza, kisha ndipo atoapo dawa. Na kesho yake hurudi kutazama kama dawa imefaa. Isipofaa, hamkasirikii mgonjwa, bali hutafuta nyingine. Mwalimu asiye bingwa hufanya kinyume. Hutoa dawa moja kwa watu wote, na asiyepona huambiwa kwamba kichwa chake kigumu.

Tena Atiman alikuwa mgeni kamili katika Karema. Ngozi yake ilifanana na ya wenyeji, lakini lugha yake na kabila yake vilikuwa vya mbali kuliko vya wafanya biashara wa pwani. Utumwa ulimnyang'anya nchi yake. Yeye akaifanya nchi ya wengine kuwa yake, kwa kukaa na kujifunza. Zaidi ya miaka sitini katika mahali pamoja! Miaka hiyo haikumfanya kuwa bingwa kwa kuwa ni mingi, ila kwa kuwa kila mgonjwa na kila mkatekumeni alikuwa kwake habari mpya ya kujua.

Mwalimu wa Tabora

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya kirangozi ikaisha. Lakini mji wetu uliendelea kuwa mji wa kusafirisha watu, safari hii kwa elimu. Shule ya Serikali ilifunguliwa mwaka 1925, na Seminari ya Kipalapala mwaka ule ule. Mapadre Weupe nao walikuwa na shule yao ya Mtakatifu Maria. Hapo alikuja kufundisha kijana aliyetoka Makerere, Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora tangu mwaka 1937. Alifundisha elimu ya viumbe na historia, hata alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Baadaye alifundisha Pugu, kisha akaiacha kazi ya shule kwa ajili ya siasa. Nchi nzima ilimpa majina ya heshima, lakini lililodumu hata kufa kwake mwaka 1999 ni lile alilolipata darasani: Mwalimu.

Jina hilo lilimfaa, maana aliyachukua mambo mazito ya serikali na ya uchumi akayasema kwa maneno ayajuayo mkulima. Hata katika uzee wake aliitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996, maana alijua kwamba watu wetu hushika moyoni maneno yenye mwendo wa wimbo.

Walakini katika habari zake mna na somo chungu, nalo halifai kufichwa. Mwaka 1968 aliandika kwamba maendeleo hayaletwi kwa kulazimisha watu, na kwamba vijiji vya ujamaa havina budi kuwa vya hiari. Miaka mitano baadaye amri ilitoka watu wote wahamie vijijini, na kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zilibomolewa. Watu walifika walipotakiwa kufika, lakini somo halikufika pamoja nao. Mtu hodari wa kufundisha akiichoka subira ya ualimu na kushika fimbo, hupata miili, mioyo humkimbia. Jambo hilo latuhusu sisi sote, kila mmoja katika darasa lake na katika nyumba yake.

Alama za mwalimu bingwa

Basi na tukusanye yale tuliyoyaona. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, Lee Shulman, aliandika kwamba kuijua elimu fulani ni jambo moja, na kujua kanuni za kufundisha ni jambo la pili. Lakini mwalimu ana maarifa ya tatu yaliyo yake mwenyewe, yaani kujua namna elimu ile iwezavyo kumwingia mwanafunzi: mfano upi humfungulia, na kosa lipi hulifanya karibu kila aanzaye. Maneno yake yalisomwa na waalimu katika nchi nyingi. Nami nikiyafikiri naona ni maarifa yale yale ya kirangozi, ambaye hakuijua njia tu, bali alijua ni wapi penye njia watu hujikwaa.

Alama ya kwanza, mwalimu bingwa amekwenda njia kwa miguu yake. Afundishaye sala naye husali. Afundishaye hesabu hupenda hesabu hata pasipo mtihani.

Alama ya pili, huutazama mzigo wa kila mtu. Hujua kwamba huyu mtoto amekuja bila kula, na yule husoma kwa Kiswahili mambo ambayo nyumbani husemwa kwa Kinyamwezi. Husikia jibu lisilo sawa, asiseme upesi "Kaa chini," bali huuliza lilitoka wapi. Maana kosa la mwanafunzi lina njia yake, na mwenye kuifuata njia hiyo hufika pale palipofungika. Ndivyo alivyofanya Filipo katika Matendo ya Mitume, alipomkuta yule mkuu wa Kushi akisoma garini. Hakumwambia ashuke. Alipanda, akaketi karibu naye, akaanzia hapo hapo alipokuwa akisoma.

Alama ya tatu, bingwa hajaacha kujifunza. Miaka haimfundishi mtu asiyetazama nyuma. Jioni hujiuliza: Leo nani hakunielewa, na kesho nitasemaje?

Alama ya nne, huwaandaa watu wa kwenda bila yeye. Hapendezwi na kusikia watoto wakisema kwamba pasipo yeye hawawezi. Hufurahi zaidi amwonapo mwanafunzi wake akimfunza mwingine.

Katika alama hizo nne hakuna hata moja ionekanayo katika cheti, wala isikikayo katika sauti. Sidharau cheti, Atiman alikaa miaka mingi Malta akisoma, na makatekista wasiosomeshwa huumia wenyewe na kuwaumiza wengine. Nasema tu kwamba cheti chaonyesha kuwa mtu ameiona njia, bali hakionyeshi kama atageuka kuwatazama walio nyuma.

Neno kwa parokia na kwa shule

Maneno haya si ya kale tu. Mwaka 2021 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Kwa hiyo parokia zetu zapaswa kuchagua watu, na uchaguzi huo ni mzito. Ikiwa twamchagua mtu kwa sababu ana nafasi na sauti, tusishangae baada ya miaka kumi tukiona watoto wengi waliopokea Kipaimara na wachache waliobaki. Siku za kuchagua, nawasihi wazee waende kwanza wakakae nyuma darasani au chini ya mwembe, wasimtazame mwalimu, wawatazame wanafunzi. Wamtazame hasa yule wa mwisho. Kama yule wa mwisho ajua kwamba ameonwa, hapo pana mwalimu.

Tena nawasihi wakuu wa shule. Mwalimu aliyepewa watoto themanini katika chumba kimoja hawezi kuutazama mzigo wa kila mmoja hata akiwa na moyo wa Atiman. Tukimlaumu yeye peke yake, twamwonea. Aliyewapa wapagazi mizigo mizito kupita kiasi alikuwa mwenye mali, siyo kirangozi. Na wazazi wanaomwuliza mwalimu, "Wangapi wamefaulu?" wamwulize na hili: "Wale wasiofaulu umewafanyia nini?"

Mwisho, wako kati yetu makatekista wazee ambao hawakuandika kitu. Wajua swali gani humtia mkatekumeni haya, wajua mgonjwa huambiwa nini siku ya mwisho, wajua namna ya kumrudisha Kanisani mtu aliyekasirika bila kumwaibisha mbele ya watu. Maarifa hayo hayamo katika Katekisimu, nao wakifa huzikwa pamoja nao. Basi kila parokia na imweke kijana mmoja kando ya kila mzee, amfuate nyumba kwa nyumba, achukue pembe yake ndogo begani kama watoto wa Wanyamwezi walivyofanya, mpaka mabega yake yazoee. Jubilei nyingine itakuja, nasi wengi wetu hatutakuwapo. Watakaoiadhimisha watakuwa wale tunaowafundisha sasa, na wale watakaofundishwa nao.